Sura ya Nne: Brutus Mbele ya Mzee wa Baraza

Mwaka 1963 ulikuwa na shughuli nyingi kwa Julius Kambarage Nyerere. Januari wanajeshi walimuua Rais Sylvanus Olympio wa Togo mjini Lomé. Mei wakuu wa nchi wakakutana Addis Ababa kuunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Nyumbani, Bunge la Tanganyika lilifuta kwa sheria mamlaka ya machifu na watemi, na rais aliyesimamia jambo hilo alikuwa mwenyewe mtoto wa mtemi. Mwaka huohuo Oxford University Press ikatoa kitabu chake kiitwacho Julius Caezar, tamthilia ya William Shakespeare kwa Kiswahili. Yaani kiongozi mwenye jina la Julius, alilopewa kwa ubatizo mwaka 1943, alikuwa amekaa usiku na kalamu yake akitafsiri habari za Julius mwingine, aliyechomwa visu na rafiki zake kwa kuwa walihofu angejifanya mfalme.

Wauaji wa riwaya zetu za upelelezi huficha jina. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla akishalitaja, msomaji anafunga kitabu na kwenda kulala. Brutus hafichi jina. Tunamjua kabla hajaua, kisu tunakiona, maiti tunaiona, na baada ya tendo anapanda jukwaani kueleza kwa nini ameua. Hata hivyo tangu tamthilia ilipochezwa London mwaka 1599 watu hawajakubaliana huyu ni mtu wa namna gani. Mimi nimefikia kuamini kwamba amejificha hata machoni pake mwenyewe, na sura hii ni ya kutafuta alikojificha.

Nimemtafuta mkoani Mara kwa makusudi. Mtafsiri alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Mwaka 1934 alipelekwa Shule ya Mwisenge, Musoma, yapata kilomita arobaini kutoka kwao. Sehemu hizo Mwalimu Nyerere bado ni mtu wa nyumbani, na vitabu vyake vinasemwa kama vitu vya ukoo. Mtajie Brutus mtu mzima aliyesoma, awe Musoma, Bunda au Butiama, utakuta ana hukumu yake tayari. Tatizo ni kwamba hukumu hazifanani.

Iliyonikamata zaidi niliisikia Bunda, kwa mzee aliyewahi kukaa mahakamani miaka mingi kama mzee wa baraza. Kwa asiyejua, hawa ndio raia waliokuwa wakikaa pamoja na hakimu au jaji, wakisikiliza shauri kutoka mwanzo, kisha wakitoa maoni yao kabla ya hukumu. Hakuwa amesoma tamthilia nzima. Aliomba nimsomee mahali mshtakiwa alipozungumza peke yake, maana, alisema, mbele ya watu kila mtu ni wakili.

Mahali hapo ni sehemu ya pili, onyesho la kwanza. Ni usiku. Brutus yuko kwenye bustani yake, mtumishi wake mdogo Lucius ametumwa kuwasha taa, na mwenye nyumba hana usingizi. Neno lake la kwanza juu ya jambo lenyewe ni kwamba Kaisari lazima afe. Baada ya hapo ndipo anapoanza kutafuta sababu. Anakiri kwamba yeye binafsi hana ugomvi na Kaisari. Anakiri kwamba hajawahi kuona hisia za Kaisari zikishinda akili yake. Kisha anasema kwamba kwa kuwa Kaisari wa leo hana kosa la kutosha, hoja ijengwe juu ya Kaisari wa kesho, atakapovikwa taji: achukuliwe kama yai la nyoka, auawe kabla hajaanguliwa.

Mzee alinyanyua mkono. "Rudia hapo, mwanangu."

Nikarudia.

"Huyu ameandika hukumu kabla ya ushahidi," akasema. "Ameshamnyonga mtu, sasa anatafuta mashahidi."

Nilimuuliza kama hilo halimpunguzii kosa, kwa kuwa hakuua kwa chuki. Akacheka kidogo. Sheria yetu, alinikumbusha, haihangaiki sana na kisa cha mtu kuua. Kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu kinatazama kama kulikuwa na nia ovu, na nia ovu haimaanishi chuki. Mtu anaweza kuua huku akilia. "Kwa mahakama, huyu ameisha zamani. Lakini wewe hukuja kuniuliza habari za mahakama." Akataka aendelee kusikia.

Tukafika kwenye kiapo. Wala njama wamekuja usiku nyuso zimefunikwa, na Cassius anataka wote waape. Brutus anakataa. Anatoa hotuba nzuri kabisa kwamba Warumi wa kweli hawahitaji kuapa, neno lao linatosha; viapo ni vya waoga na wadanganyifu. Wasomaji wengi hupita hapo wakimsifu kwa uungwana, nami nilikuwa mmoja wao. Mzee wa Bunda alilisikia kwa sikio la mahali ambapo kula kiapo mbele ya wazee lilikuwa jambo la kufa na kupona. "Anayekataa kiapo," alisema, "ni kwamba hataki kitu kimshike kesho. Au anajua kwamba jambo lenyewe haliapiki."

Plutarch, mwandishi wa Kigiriki ambaye Shakespeare alichota kwake kupitia tafsiri ya Thomas North ya mwaka 1579, naye anasimulia kwamba wale watu hawakuapishana, na analitaja kama ajabu ya uaminifu wao. Kwa hiyo tukio lenyewe halikubuniwa jukwaani. Kilichobuniwa ni hotuba, na hotuba ndiyo inayomtia mashaka mzee. Kama hamhitaji kuapa, kwa nini mnahitaji maneno yote hayo kueleza kwamba hamhitaji?

Tangu siku hiyo nimeiangalia bustani kwa macho mengine, na nimekaa zaidi kwenye barua. Cassius amepanga zitupwe nyumbani kwa Brutus barua zenye miandiko mbalimbali, zionekane zimetoka kwa wananchi wengi tofauti. Lucius anaiokota moja dirishani. Brutus anaisoma kwa mwanga wa vimondo vinavyopita angani usiku ule wa maajabu. Itazame barua hiyo kwa karibu. Haimwambii aue. Inamwambia amelala, aamke, ajitazame. Kisha inataja Roma na kuacha sentensi bila kuimaliza. Brutus anaimaliza mwenyewe, kwa sauti, tena kwa kumkumbuka babu wa ukoo wake aliyemfukuza mfalme Tarquin. Cassius aliandika nusu ya barua tu. Nusu ya pili, yenye kisu, iliandikwa na aliyeandikiwa.

Musoma nilikutana na usomaji wa upande mwingine kabisa. Mama mmoja mwalimu mstaafu, anayeishi upande wa Mwisenge, hakutaka habari za siasa ya Roma. Kwake kesi ni ya ndoa. Portia anamkuta mumewe nje usiku wa manane, anamwomba amwambie kinachomsumbua, na ili kuthibitisha kwamba anaweza kutunza siri anamwonyesha jeraha alilojichoma pajani mwenyewe. "Mwanamke amefika mahali pa kujikata nyama ili mumewe aseme naye," alisema. "Halafu mnaniambia huyo ni muungwana."

Ushahidi wake mzito zaidi uko mbali kidogo, sehemu ya nne, baada ya vita kuanza. Brutus anamwambia Cassius kwamba Portia amekufa. Dakika chache baadaye anaingia Messala na kumuuliza kama ana habari za mkewe, na Brutus anajibu kwamba hana. Messala anamwambia amekufa. Brutus anaipokea habari kwa utulivu wa ajabu, mbele ya maofisa wake, nao wanastaajabia moyo wake mkubwa. Wataalamu wamegombana sana juu ya hapo. Tamthilia hii haikuchapishwa hadi mwaka 1623, miaka saba baada ya Shakespeare kufa, na wako wanaosema kwamba wachapaji walikuta matoleo mawili ya tukio moja wakayaacha yote kwa bahati mbaya. Inawezekana. Lakini maandishi tuliyonayo ndiyo hayo, na mama wa Musoma aliyasoma yalivyo: "Anaigiza hata msiba."

Sidhani kuna sentensi iliyomkaribia Brutus zaidi ya hiyo. Ukiishika mkononi utaona inafungua milango mingine. Usiku wa njama anawaagiza wenzake wavae nyuso za kawaida kama waigizaji wanavyofanya. Anataka mauaji yaonekane kama sadaka kwa miungu, yasionekane kama machinjio. Anakataa Antony, rafiki wa Kaisari, auawe pamoja naye, na kwa maelezo yake mwenyewe hofu moja ni jinsi jambo litakavyoonekana. Baada ya visu anawaongoza wenzake kuogesha mikono kwenye damu hadi viwiko na kutoka hadharani. Huyu mtu ana macho yaliyokaa nje ya mwili wake, yanamtazama akitenda.

Nani anamtazama? Hapo ndipo nilipoachana na mama yangu wa Musoma na kwenda Butiama.

Kuna uvumi wa kale kwamba Brutus alikuwa mtoto wa Kaisari. Mama yake, Servilia, alikuwa hawara wa Kaisari, hilo halina ubishi. Plutarch anasimulia kwamba Kaisari mwenyewe alidhani kijana ni wake. Suetonius anataja masimulizi kwamba alipomwona Brutus na kisu alimwambia maneno ya Kigiriki, akimwita mtoto. Shakespeare alizijua hadithi hizo. Katika tamthilia yake nyingine, ya mfalme Henry wa Sita, anagusia kwamba Brutus alikuwa mwana wa haramu. Katika hii anazinyamazia. Kijana niliyezungumza naye Butiama, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa nyumbani likizo, alilishikilia hilo kama ufunguo wa kila kitu: Brutus anamuua baba asiyemtambua, na siasa yote ni pazia. Ni usomaji wa kuvutia, na mimi siukubali. Kaisari alizaliwa mwaka 100 kabla ya Kristo, Brutus mwaka 85. Tungekuwa na baba wa miaka kumi na mitano. Na tukiacha hesabu, mwandishi aliyetaka tumfikirie hivyo angetuachia walau neno moja.

Lakini kijana aligusa mahali penyewe bila kujua. Brutus amebanwa na ukoo, ila si wa Kaisari. Jina lake lilikuwa la Lucius Junius Brutus, ambaye kwa masimulizi ya Warumi alimfukuza mfalme wa mwisho mwaka 509 kabla ya Kristo. Huyo babu hakuishia hapo. Wanawe wawili waliposhiriki njama ya kumrudisha mfalme, aliamuru wauawe, akasimama akitazama. Fikiria kuzaliwa ukiitwa hivyo, katika mji wenye sanamu yake. Wapita njia wanakusoma kabla hujafungua kinywa.

Mkoa wa Mara wanalielewa hili haraka kuliko watu wa vyuo. Jina la mtoto huku halikuwa pambo. Mtoto alipewa jina la babu au bibi, na wakubwa wakaanza kumtazama kama yule wa kale amerudi: anatembea kama yeye, anakasirika kama yeye. Nyerere mwenyewe inasimuliwa kwamba aliitwa Kambarage kwa sababu ya mvua iliyonyesha siku aliyozaliwa, jina la mzimu wa mvua wa Wazanaki. Mtu akilelewa hivyo anajua kwamba jina linaweza kukudai kitu. Brutus alidaiwa mfalme wa kumfukuza. Roma ilipokosa mfalme, alimchukua mtu anayeweza kuwa mfalme kesho.

Ndiyo maana barua iliyokatika ilimtosha. Ndiyo maana bustanini hukumu ilikuja kwanza na sababu zikafuata kwa kuchechemea. Na ndiyo maana alikataa kiapo: aliona ameshaapishwa siku aliyopewa jina.

Kuna kitu kimoja ambacho Shakespeare hakukitumia, na kwangu ni ushahidi kuliko hotuba zote. Mwaka 42 kabla ya Kristo, akikusanya majeshi, Brutus wa historia alitoa sarafu ya fedha. Upande mmoja kuna visu viwili, katikati yake kofia ya mtumwa aliyeachwa huru, na chini herufi fupi za tarehe ya mauaji, katikati ya Machi. Geuza upande wa pili: kuna kichwa cha mtu. Ni cha Brutus. Kuweka sura ya mtu aliye hai kwenye fedha ya Roma ilikuwa moja ya alama za ufalme walizomlaumu Kaisari nazo. (Sarafu zetu za mwaka 1966 nazo zilikuwa na kichwa cha Mwalimu. Najua msomaji wa Butiama atanikumbusha, nami nimeshajikumbusha. Tofauti ni kwamba mwaka 1985 mwenye kichwa hicho alikabidhi nchi kwa mwingine, akaenda kulima kijijini kwake.)

Wapo wanaosema Mwalimu aliichagua tamthilia hii kwa kutabiri mabaya yake mwenyewe. Wanataja tarehe 20 Januari 1964, askari wa kambi ya Colito walipoasi na rais akafichwa Kigamboni. Kitabu kilikuwa kimeshatoka, kwa hiyo uasi haukukizaa. Mtu anayemwona rais mwenzake ameuawa Lomé hahitaji unabii. Jambo ninalolipa uzito ni kwamba mwaka 1969, uasi ukiwa umepita na Azimio la Arusha limetangazwa, aliirudia kazi hiyohiyo, akaisahihisha na kuitoa upya kwa jina la Juliasi Kaizari, pamoja na Mabepari wa Venisi. Mtawala aliyeona bunduki za askari wake zikigeuka alirudi kukaa tena na mawazo ya Brutus, mstari kwa mstari, akimpa Kiswahili kilicho bora kadiri alivyoweza. Hakumfanya mjinga wala shetani.

Wengine walimfanya. Dante, mshairi Mkatoliki wa Italia, alimtupa Brutus chini kabisa ya jehanamu, katika moja ya vinywa vitatu vya Ibilisi, jirani na Yuda Iskariote. Kwa upande mwingine John Wilkes Booth, mwigizaji aliyecheza tamthilia hii New York na kaka zake Novemba 1864, alimpiga risasi Rais Lincoln Aprili iliyofuata, kisha akiwa mafichoni akaandika akishangaa kwamba anawindwa kwa tendo lililompa Brutus heshima. Mandela alipoombwa na mfungwa mwenzake kisiwani Robben kutia sahihi mahali anapopapenda katika kitabu cha Shakespeare, mwaka 1977, alichagua maneno ya Kaisari juu ya woga na kifo, akampita Brutus. Na mwaka 2012 Gregory Doran aliipandisha jukwaani kule Stratford kwa waigizaji weusi watupu, ndani ya nchi ya Afrika ya siku hizi, Paterson Joseph akiwa Brutus. Kwa watazamaji kutoka kwetu haikuhitaji maelezo.

Ukitoka Bunda ukashika barabara ya Kisorya, ukavuka kwa kivuko, unaingia Ukerewe, kisiwa alikozaliwa Euphrase Kezilahabi. Katika riwaya yake Dunia Uwanja wa Fujo, ya mwaka 1975, Tumaini naye anamuua mtu wa serikali, naye ananyongwa. Wengi wameihusisha na mauaji ya Dk. Wilbert Klerruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, yaliyofanywa na mkulima siku ya Krismasi 1971. Nimewahi kuwaweka Tumaini na Brutus bega kwa bega, na Tumaini ndiye rahisi kumwelewa. Shamba lake linachukuliwa, anaua, anakufa. Ana kitu cha kupoteza na anajua ni nini. Brutus hakunyang'anywa hata kiti.

Limebaki jambo la mzimu. Usiku mmoja hemani mwa Brutus, kabla hawajaondoka kwenda kwenye vita vya mwisho, Lucius amesinzia juu ya kinanda chake, na bwana wake anamwondolea polepole kisije kikavunjika. Ndiyo ishara pekee ya upole inayonifanya niyumbe. Kisha mzimu unaingia. Maelekezo ya jukwaa yanasema ni mzimu wa Kaisari. Lakini Brutus anapouuliza ni nani, haujibu kwamba ni Kaisari. Unajibu kwamba ni roho mbaya yake, ya Brutus mwenyewe. Wazee wetu waliojua habari za muuaji asiyetakaswa wangetarajia marehemu aje kudai. Aliyekuja hapa hadai kitu: anajitambulisha, anasema wataonana tena Philippi, kisha anatoweka. Baadaye Brutus anasimulia kwamba alimwona Kaisari. Hata hapo alipoambiwa ukweli usoni, alibadilisha jina.

Kwa hiyo maoni yangu, kama mzee wa baraza asiye na baraza, ni haya. Sikubali kwamba Brutus alidanganywa na Cassius; alisaidiwa. Sikubali kwamba aliua kwa kuipenda Roma zaidi, ingawa aliamini hivyo. Aliua ili astahili jina alilozaliwa nalo, akalikuta yai la nyoka kuwa kisingizio kilicho karibu. Ana hatia ya kuua kwa kukusudia, na sifa anazomwagiwa na Antony juu ya maiti yake hazinipunguzii hukumu, maana Antony tumeshamwona anavyojua kusema juu ya maiti, tangu ile ya Kaisari. Asiyekubaliana nami akaisome mwenyewe, ila asianzie kwenye hotuba za sokoni. Aanzie bustanini, usiku, kabla wageni hawajafika.